Wifi na Majibu ya Mwaka wa Elfu Hamsini na Saba

Mshauri wangu, nisaidie kabla ya Ijumaa hii, maana nimejichimbia shimo mwenyewe na sijui nitatokaje. Mimi ni mtengeneza programu katika maabara ya kupima damu, na dada wa mume wangu, yaani wifi yangu, anafanya kazi kama yangu katika kliniki ya watoto ng'ambo ya barabara, na mwezi uliopita wakubwa wetu waliamua majibu ya vipimo yaache kubebwa mkononi na muuguzi, yatoke kwenye kompyuta zetu yaingie moja kwa moja kwenye zao, basi mimi nikajenga huduma ya kuyatoa na wifi akajenga programu ya kuyapokea, kila mtu kwa lugha yake ya kompyuta kwa sababu zetu na zao ni tofauti, na huduma yangu nikaijaribu kwa programu niliyoandika mwenyewe, kwa lugha yangu ileile, ikaenda kama maji, nikajipongeza.

Siku ya kwanza tu wifi akanipigia. "Wifi, majibu yanafika, lakini tarehe zake sizielewi. Hapa naona mtoto amepimwa damu mwaka wa elfu hamsini na saba." Nikacheka, nikamwambia kwangu inafanya kazi, aangalie kwake. Akapiga tena, "Nimekagua mara mbili, wifi. Hebu tukae pamoja hata nusu saa." Nikamwambia nimebanwa. Mara ya tatu sikumaliza hata kumsikiliza, nikamwandikia barua pepe mkubwa wangu na mkubwa wake kwamba kosa liko upande wa kliniki, na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba huenda anayepokea hajazoea kazi za aina hii. Sasa mkubwa wake amempa hadi Ijumaa, la sivyo kazi anapewa mtu mwingine.

Alhamisi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, nikaweka lugha ya wifi kwenye kompyuta yangu nipate ushahidi wa kumwonyesha, nikaomba jibu moja. Mwaka wa elfu hamsini na saba. Mshauri, nikaacha chakula nikaanza kuikagua huduma yangu. Kumbe huduma yangu hutuma tarehe kama namba ndefu inayohesabu vipande vya sekunde tangu mwaka 1970, elfu moja kwa kila sekunde, na lugha yangu inalijua hilo bila kuambiwa, lakini ya wifi inahesabu sekunde nzima, na kwenye maelezo niliyompa nimeandika "tarehe: namba" nikaishia hapo. Jumapili tulikula kwa mama mkwe, wifi akanipakulia, akanisalimia vizuri tu, ila kazi hakuitaja, na hajanipigia tena. Mume wangu hajui lolote. Nafikiria kurekebisha kimyakimya, programu yake ianze kusoma sawasawa, na mtu asiulize. Nifanyeje?

Mimi, Fundi wa Ng'ambo

JIBU

Fundi, pole. Sasa kaa vizuri nikuseme kidogo.

Mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima, kwa hiyo barua yako nilimpelekea fundi wa hapa ofisini kwetu. Akasema kosa la tarehe hata yeye ameshalifanya, na halina aibu. Alipofika kwenye ile barua pepe ndipo akavua miwani. Nami nasema vilevile. Ulijiuliza mwenyewe, ukajijibu mwenyewe, ukaridhika, halafu aliyekuja na swali la kweli ukamchongea kwa mkubwa wake.

Hilo la kimyakimya lifute kabisa. Wakubwa watadhani wifi alikosea na amejirekebisha kwa kuogopa, na yale maneno yako ya "hajazoea" yatamfuata miaka. Halafu fundi wetu anauliza: hakuna tawi lenu linalosoma huduma hiyohiyo? Kama lipo, ukigeuza tarehe ghafla utaliangusha nalo. Ya zamani iache ifanye kazi, weka mpya pembeni yake, tarehe itoke kwa maandishi, mwaka, mwezi, siku na saa, kwa mpangilio ambao lugha yoyote inausoma bila kubahatisha. Maelezo yaandike kana kwamba anayeyasoma hajawahi kukuona, na umwekee mfano wa jibu zima. Ukimaliza, vuka barabara ukajaribu kwenye kompyuta ya wifi, naye akiwa ameketi hapo. Ile nusu saa aliyokuomba ingetosha.

Kisha rudi kwenye barua pepe ileile, uwajibu watu walewale, useme kosa ni lako na wifi alilisema siku ya kwanza. Neno "huenda" usilitie. Mkubwa wako atanuna, na anune. Mume wako naye umwambie wewe, asije akasikia mezani kwa mama yake.

Lakini yote hayo yanakuja baadaye. Wifi asiipate habari hii kwenye barua pepe, wakati mmoja na mkubwa wake. Alikupigia mara tatu. Leo piga wewe.