Boga la Nyanya Assunta

Merrylands, Sydney
16 Februari

Kwako Kaka Omollo,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na watoto. Goti la Mama linaendeleaje? Naomba barua hii iwakute nyote wazima. Mimi mwili hauna neno, ila kutulia kumenishinda. Nimeinuka mara tatu tangu nianze kuandika, kufunga dirisha na kulifungua tena.

Mwambie Mama kwamba kazi ya kutunza wazee naiweza. Asubuhi huwa niko kwa Nyanya Assunta, Mwitaliano wa miaka themanini na minne anayeishi peke yake. Mchana napanda treni kwenda kwa mzee mwingine, Doonside.

Nyanya huyu ana boga ambalo hamjapata kuliona. Mbegu marehemu mumewe alizitoa kwao Italia, na yeye huliita trombonchino. Halitambai chini kama yetu. Hupanda waya hadi juu ya banda, matunda yakaning'inia marefu kuliko mkono wangu, shingo imepinda, mbegu zote zimejikusanya kitakoni. Huchumwa likiwa changa. Alinifundisha kulikata vipande vyembamba, kulikaanga kwa kitunguu saumu, kisha kulivunjia mayai. Siku moja nikamwambia kwetu hata majani yake tunakula. Alinitazama kwa mashaka. Nikampikia susa ya majani hayo kwa maziwa na samli, kama Mama anavyopika, naye akapangusa sahani kwa mkate. Tangu siku hiyo akawa ananiita binti yake.

Kaka, Mama msomee hadi hapa tu.

Mwezi jana boga moja lilining'inia juu sana. Nyanya alilitaka, maana Carla, bintiye wa kumzaa, angekuja kula jioni. Nilimwahidi kulichuma nikimaliza kufua. Lakini meneja alikuwa amenionya kwa kuchelewa Doonside, na moyo wangu ulikuwa umeshafika stesheni. Nikaondoka dakika ishirini kabla ya wakati wangu. Nilimwambia angoje kesho.

Alipanda kiti mwenyewe. Carla alimkuta jioni, yuko chini ya ule waya, nyonga imevunjika. Alikuwa amelala juani tangu adhuhuri.

Kwenye ripoti niliandika kwamba nilitoka saa sita kamili. Hospitalini Carla alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa wema niliomtendea mama yake.

Jumatatu nilikwenda kwa Carla nikamweleza yote mlangoni pake. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango. Nikapiga simu ofisini nikawaambia pia. Wamenisimamisha kazi mpaka wachunguze.

Jana nilikwenda hospitalini kwa Nyanya. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kuomba radhi, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Treni uliiwahi?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba niliiwahi. Akageuza uso ukutani, nami nikasimama pale mpaka muuguzi aliponiomba nitoke.

Usimwambie Mama; nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Wewe niandikie, hata kama ni kunigombeza. Wasalimu majirani, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Dadako,
Zilpah