Ushuhuda Uliomtungia Ezra

Sakina, Barabara ya Nairobi,
Arusha.
3 Septemba 1994

Mpendwa mpwa wangu Philemoni,

Marahaba. Najua shikamoo yako hujaiandika, lakini nimeipokea mapema, maana mambo ya kuyangoja kutoka kwako yamekuwa mengi.

Habari za Mbeya? Nasikia baridi ya huko inashindana na ya kwetu huku mlimani. Mkeo Anneth hajambo? Mtoto ameota meno? Na koo lako limepona? Uliondoka hapa umehubiri mpaka sauti inatoka kama ya bata.

Sisi tu wazima kiasi. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako Ndeshi ni mzima, anagombana na hawa wanunuzi binafsi wa kahawa wanaopita na mizani kwenye pikipiki. Zamani tulikuwa na chama kimoja cha kukinung'unikia, sasa tuna uhuru wa kuchagua. Aliniomba nikuandikie kwa upole. Nimemwambia sawa, dada, halafu nimesubiri aende sokoni.

Salamu zimekwisha. Nina hasira nawe, Philemoni, na sitaifunika blanketi.

Ezra bado yuko ndani. Najua unajua, maana mama yako alikupigia simu mara mbili, ukajibu kwamba huko chuo cha Biblia mnafunga na kuomba kwa ajili yake. Kufunga! Mtoto yuko ndani kwa sababu ya maneno uliyomlisha wewe, halafu wewe ndiye unayekataa kula?

Ngoja nikukumbushe, maana nyinyi wahubiri mnakumbuka ya Farao mnasahau ya mwaka jana. Desemba uliniletea kijana wa miaka kumi na mitano umemshika bega kama mbuzi. Ukasema Huduma yako ya Mlango Mwembamba inatafuta walezi wa vijana waliofikishwa mahakamani. Nikakuambia mimi kanisani naingia siku ya mazishi, na siku ya mavuno kwa ajili ya mnada. Ukasema Mungu hutumia hata punda. Nikacheka, nikaenda kuweka sahihi mbele ya hakimu. Punda akawa mlezi.

Kosa lake ulilijua. Magari haya ya mitumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, Ezra na wenzake walikuwa wanayavizia hapa Sakina. Dereva akishuka kununua sigara tu, vifuniko vya magurudumu vimekwenda vyote vinne, na jioni anauziwa vyake mwenyewe kwa heshima zote. Basi. Hakumgusa mtu, hakuvunja mlango.

Amekaa nami kibandani miezi minane. Amejua kukunja bati, kulehemu kandili, na jiko la mafuta akilitengeneza halitoi moshi. Sikumhubiria hata siku moja. Nilimtukana kwa kiasi, naye akanijibu kwa kiasi, tukaelewana. Kanisani alikwenda mwenyewe, kwenye vipindi vyenu vya Jumamosi, na alikuwa akirudi anaimba. Hilo nakupa, ni lako. Mama yake, Namnyaki, alikuja kutoka Nduruma na gunia la mahindi, akakaa kwenye benchi langu akimtazama mwanawe anavyofanya kazi.

Halafu ukaja na mkutano wako wa injili na wale wageni wa ng'ambo waliokununulia vipaza sauti na magitaa. Ukamtaka Ezra atoe ushuhuda. Akakusimulia vifuniko. Nilikuwepo, nikaona uso wako ulivyoshuka, kama mtu aliyeagiza supu akaletewa maji ya moto.

"Vifuniko tu?" ulimuuliza. "Itafute roho yako vizuri, kijana. Lazima kuna kingine."

Kingine kikakosekana. Kesho yake ukamletea karatasi, akariri. Kwenye karatasi hiyo Ezra alikuwa amevunja duka Ngarenaro, kisu kiunoni, bangi kichwani. Ulipomaliza kumfundisha uliichukua karatasi yako, ukaitia katikati ya Biblia, ukaenda nayo. Mjanja wewe. Ningekuwa nayo leo ningeibandika kwenye mlango wa mahakama.

Tarehe 21 Agosti akapanda jukwaani. Vipaza sauti ulivigeuzia barabarani ili hata wasiotaka wasikie. Aliyesikia bila kutaka ni Ludovick, yule Mchaga muuza cherehani wa Ngarenaro, aliyevunjiwa duka Novemba mlinzi wake akaumizwa vibaya. Aliacha duka wazi! Mchaga, Philemoni, aliacha duka wazi! Akaja anakata katikati ya watu anapiga kelele, "Mnampigia makofi? Huyu ndiye aliyeniua, nyinyi mnampigia makofi?"

Na watu wako wakafanya nini? Wakadhani naye ameguswa na Roho. Wakampisha. "Njoo baba, njoo mbele, Bwana anakuita." Wewe mwenyewe ukamnyooshea mkono juu ya kichwa umwombee, naye anautoa, unaurudisha, anautoa. Ningekuwa na nafasi ya kucheka siku ile ningecheka mpaka nife. Polisi walikuja kibandani Jumatatu saa nne. Wewe basi lako la Mbeya lilikuwa limeshaondoka alfajiri.

Sasa nikuambie na langu, usije ukadhani nimekaa juu ya mti nakutupia mawe.

Ezra alikuwa anakariri maneno yako kibandani huku analehemu. Yalinichekesha. Nikamwambia, "Wee, duka gani la Ngarenaro halina mlinzi? Watu watajua unadanganya. Weka mlinzi."

Akauliza, "Tumfanye nini, Babu?"

Nikasema, "Mvunje mkono."

Tukacheka mpaka risasi ya kulehemu ikamwagika chini. Habari ya mlinzi wa Ludovick kuvunjwa mkono niliijua kama kila mtu mjini anavyoijua, ikanitoka tu mdomoni, mzee mzima, kwa ajili ya kicheko. Na mkono huo ndio uliomleta Ludovick mbio, na ndio polisi walioushika. Kwa hiyo mkono ni wangu, duka ni lako. Ezra ana vifuniko tu, na vifuniko alishahukumiwa.

Nimekwenda kwa yule bwana wa ustawi wa jamii nikamweleza yote hayo, la kwangu na la kwako. Mtu mwema, ameandika kurasa mbili. Mwisho akafunga kalamu akasema, "Mzee, nakuamini. Lakini mtoto mwenyewe anasema ni kweli."

Nikaenda kumwona kule wanakowaweka watoto wenye kesi. Nikamwambia, Ezra, sema ulifundishwa, turudi nyumbani, majiko ya watu yanatungoja. Akanitazama kwa huruma. Mimi! Kama mimi ndiye mfungwa.

"Babu, mtumishi alisema ukishakiri mbele ya watu usirudi nyuma. Anayerudi nyuma amemkana Bwana. Mimi simkani."

Nikamwambia Bwana hana shida na uongo wa mtu yeyote, ana kweli za kumtosha.

"Acha hizo, Babu. Wewe kanisani si unaendaga siku ya mnada?"

Kwenye bati ananiamini mimi, kwenye ya mbinguni anakuamini wewe. Mtoto ameokoka kwelikweli, Philemoni, ndiyo balaa yenyewe. Angekuwa mnafiki kama mimi na wewe, leo angekuwa nje anakula ndizi.

Namnyaki alikuja tena kutoka Nduruma. Safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni akasema, "Mzee Elieza, nilikupa mwizi wa vifuniko. Umenirudishia jambazi."

Kesi ni Alhamisi tarehe 22 mwezi huu. Akisema mbele ya hakimu ni kweli, na atasema, atapelekwa shule ya maadilisho, pengine miaka mitatu. Na shule hiyo iko wapi? Huko huko Mbeya. Utaweza kumtembelea kila Jumapili na wageni wako wakampiga picha.

Ninachotaka ni hiki, na sikiombi. Panda basi Jumatatu tarehe 19. Jumatano twende kwa Ezra, na huko usimfungulie kitabu wala usifumbe macho. Mwambie kwa mdomo ule ule uliomfunga: yale maneno yalikuwa yangu, nilikosea, ukiyakataa humkani Mungu, unanikana mimi. Mimi nitakaa pembeni, nitasema la mkono. Alhamisi tukaseme yote hayo mbele ya hakimu, Ludovick akiwepo. Nimeshakwenda dukani kwake kumwambia. Alinitukana kwa Kichaga kwanza, kisha kwa Kiswahili nielewe, ila alisema atakuja kusikiliza.

Najua kinachokushika huko, na si masomo. Wageni wakijua ushuhuda ulitungwa, wataondoka na magitaa yao. Waende! Kabla hawajaja vijana walikuwa wanaimba kwa makofi. Wewe huogopi kumwambia muuaji atubu mbele ya watu elfu mbili, unaogopa kutubu mbele ya hakimu mmoja na muuza cherehani?

Kama miguu haikubebi, nimetia humu karatasi tupu na bahasha yenye stempu, jina la Ezra nimeshaliandika juu. Mwandikie mistari mitatu. Wa nne utakuwa mahubiri, nami ndiye nitakayemsomea, na nitaishia wa tatu. Lakini jua kwamba karatasi ni ya mtu mwoga. Mtoto yule anangoja mtu, alikuulizia wewe kabla hajaniuliza habari za majiko.

Msalimu sana Anneth, mwambie sina ugomvi naye, na kama anaweza akufungie begi yeye. Mbusu mtoto. Mama yako anakusalimu; angekuwa hapa angeninyang'anya kalamu mkononi. Namnyaki hakusalimu.

Mungu akulinde njiani ukiwa unakuja huku. Ukibaki huko, ulinzi huo uombe mwenyewe.

Mimi mjomba wako nikupendaye, na mwezi huu nafanya hivyo kwa kulazimishwa na damu,

Elieza