Cheni Imetoka, Shabani

Shabani, mtani wangu,

Jana niliendesha baiskeli yako mpaka kwa mama yako, Mzenga. Nilitoka hapa Mbwawa jua halijachomoza, nikafika alasiri. Leo nimerudi na miguu inaniuma. Tangu tukuzike, ni miguu tu inayouma. Kwingine kote kumekufa ganzi.

Unajua kazi ya Msukuma kwenye msiba wa Mzaramo. Nilitakiwa nikuigize, nilale kaburini nigome kutoka, niwadai ndugu zako jogoo, mpaka wafiwa wacheke. Mimi nilishika birika la maji ya kunawa, basi. Watu waliniangalia, nami nikawaangalia. Sikutania, sikulia. Sasa arobaini yako imekaribia, na mama yako akaleta ujumbe: "Mwambieni Msukuma aje. Msiba wangu haujachekwa." Wanasema chakula anakigusa tu, anarudisha sahani. Nikatia tairi upepo, nikaenda.

Lile pori tulilokuwa tukikatiza hapa Mbwawa limepimwa viwanja, vigingi kila mahali. Ukishapita Soga mambo ni yaleyale: mihogo, mikorosho, mihogo tena. Mabibo yameanguka njiani, nyuki wamejaa. Ungesimama ule. Mimi sikusimama. Nilipishana na wale wabeba mkaa wetu, magunia yamewazidi kimo, mmoja akapaza sauti, "Mwenzako yuko wapi leo?" Nikamjibu yuko nyuma, anakuja. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Njia nzima nilitafuta mzaha wa kumpelekea mama, sikupata hata mmoja. Nikafika ule mlima wa mwisho kabla ya kwenu. Pale ndipo ulipokuwa ukishuka baiskelini kila mwaka tukienda kumsalimia mama msimu wa korosho, unainama, unasema, "Ngoja kwanza, cheni imetoka." Cheni haikuwahi kutoka hata siku moja. Ulikuwa umechoka, Mzaramo mwongo. Nami nilijifanya naamini kwa sababu nilikuwa hoi kuliko wewe.

Uani nilimkuta mama yako amekaa mkekani na shangazi zako. Akanitazama. Wote walikuwa wananisubiri mimi. Nilitaka kusema shikamoo, nikaiacha. Basi nikashuka, nikainama kwenye gurudumu la nyuma, nikasema kwa ile sauti yako ya puani: "Mama, niletee maji kwanza. Cheni imetoka."

Mama yako akacheka, Shabani. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka, akaiokota, akaja kunichapa nayo mgongoni: "Mwongo! Mwongo kama mwanangu!" Kisha akalia, na shangazi zako wakalia. Walipoleta wali na kisamvu alikula, akaomba aongezewe. Jogoo wangu nimepewa. Mwembamba, kama kawaida yenu, nikamfunga kwenye keria.

Mimi bado sikulia. Nilikula, nikalala, asubuhi nikaaga.

Ukiwa unarudi ule mlima ni mteremko, hakuna anayechoka pale. Nikashuka baiskelini hata hivyo. Nikainama, nikashika cheni. Ilikuwa mahali pake. Nikaendelea kuishika, grisi ikanijaa viganjani, jogoo anapiga kelele kwenye keria, na nikajikuta nageuka nyuma kutazama kama unakuja. Hapakuwa na mtu njiani. Hapo ndipo nilipolia, bwana. Nililia kama mtoto, sikuwa na hata kitambaa, nikajifuta na mikono ileile ya grisi. Mke wangu aliponiona naingia aliuliza nimeanguka wapi.

Mungu akupe kivuli huko uliko, ndugu yangu. Baiskeli yako nitaitunza. Kila msimu wa korosho nitakwenda kumsalimia mama, na pale mlimani nitashuka nikungoje kidogo, hata cheni ikiwa nzima.

Kwaheri, Mzaramo.

Ni mimi,
Masanja