Mzee wa Vikombe na Jina la Honorata

Jumanne, 18 Aprili 2006

Eliudi amerudi nyumbani. Wiki tisa tangu kiharusi. Mkono wa kulia hauna kazi, mguu anauburuta. Akinyi, jirani yetu Mkenya wa mlango wa pili, alinisaidia kumwingiza ndani. Ameahidi kukaa naye mchana nikiwa kazini. Sijui nitamlipa nini Mungu kwa ajili ya binti huyu.

Kitu cha kwanza mume wangu alichokitazama si mimi. Ni mashine.

Iko palepale sebuleni alipoiacha Februari. Nimeivua shuka. Mzee wa kiinimacho ndani ya sanduku la kioo, kanzu ya hariri iliyochakaa, meza ndogo mbele yake, vikombe viwili juu ya meza. Unatumbukiza sarafu ya zamani, peni, anapepesa macho, anainua kikombe — yai. Anafunika, anainua — ndege. Anafunika tena — limau. Mara ya mwisho hakuna kitu. Ndivyo inavyotakiwa. Siku hizi ni yai, yai, yai. Ina zaidi ya miaka mia. Ni ya Mzee Wayne, Mmarekani wa Rockville, mwenye mashine za namna hii kumi na saba kwenye besmenti, chumba cha chini ya nyumba yake. Miaka sita Eliudi ndiye anayemtengenezea. Siku za kazi alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege wa Dulles. Jumamosi alikuwa fundi.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. Nikamuuliza anataka nini, chai au uji. Akanitazama usoni, sawasawa kabisa. Akasema, "Honorata."

Mimi ni Violet.

Alhamisi, 20 Aprili

Akitaka choo — Honorata. Akisikia njaa — Honorata. Bega likimuuma, hivyohivyo. Hana neno lingine.

Leo amekuja dada mmoja wa mazoezi ya kuongea. Anasema hutokea. Ubongo ukishapigwa, unashika neno moja ovyo na kulitumia kwa kila kitu. Anamjua mgonjwa aliyebakiwa na "Alhamisi" tu. Nisilitie moyoni. Kisha akamuuliza Eliudi, huyu ni nani, akininyooshea kidole. Eliudi akahangaika. Jasho likamtoka. Akasema Honorata, akaanza kulia.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo visafi.

Miaka kumi na tisa ya ndoa. Jina hilo sijawahi kulisikia chini ya dari yangu.

Jumapili, 23 Aprili

Baada ya Misa nimenunua kadi ya simu, nikampigia wifi Leokadia, dada yake Eliudi, Bukoba. Nikamweleza hali ya kaka yake. Akalia, akaomba Mungu. Nikamuuliza, "Wifi, Honorata ni nani?"

Akasema simu inakatakata.

Simu haikuwa inakatakata. Nilimsikia jogoo wake.

Jumamosi, 29 Aprili

Mzee Wayne amekuja, na supu ya kuku aliyoipika mwenyewe. Anakaribia themanini, mikono inamtetemeka. Akaketi karibu na Eliudi akawa anamwambia habari za mashine nyingine, kama vile hakuna kilichotokea. Yule bibi wa karata anasinzia siku hizi. Yule Mhindi anayeelea hewani amekatika uzi. Juni kumi wakusanyaji wenzake wanakuja kwake kutazama. Lakini hii ya vikombe tusiisumbukie, ataichukua hivyohivyo ilivyo.

Eliudi akapiga mkono wa kiti kwa mkono wake mzima. "Honorata. Honorata."

Wayne akatabasamu kwa huruma. Akaniambia, "Masikini, bado anamkumbuka yule binti wa fundi saa."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaliweka chini. Mzee wa watu alidhani najua. Aliponiona uso akataka kunyamaza. Nikamwambia, aendelee tu.

Kumbe Eliudi hakufundishwa na fundi wa Mwanza kama alivyoniambia siku zote. Alifundishwa na binti wa fundi. Baba wa binti alikuwa haoni vizuri tena, kazi zote ndogondogo alizifanya Honorata. Ndiye aliyemfundisha kushika kibano bila kukibana. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza saa kabla ya kuifungua. Walichumbiana. Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani mara mbili. Ya tatu haikusomwa. Wayne hajui kwa nini. Anasema kila walipofungua mashine mpya, Eliudi alikuwa anasema, hapa Honorata angefanya hivi.

Kwa Kiingereza. Kwenye besmenti ya Rockville. Miaka sita alimwambia mzungu, na mimi nilikuwa hapa namwekea chakula chini ya kawa.

Jumatatu, 1 Mei

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, shifti nzima nimewageuza wazee wa watu, nimewalisha, nimewachana nywele. Nikawaita wote mpenzi, kama tunavyofundishwa. Nilivyorudi nimemwogesha mume wangu bila kumwambia hata neno moja. Aligeuza uso ukutani.

Najionea aibu. Lakini ndivyo nilivyofanya.

Jumapili, 7 Mei

Wifi Leokadia amepiga mwenyewe. Amesema hajalala vizuri tangu siku ile.

Honorata alikuwa na kifafa. Alianguka mbele ya mama mkwe, siku ya kupeleka mahari, ukumbini kwa watu. Mama mkwe akasema hataki wajukuu wa kuanguka motoni. Eliudi akabisha miezi mitatu, mwisho akamtii mama yake. Akaondoka Mwanza bila kuaga.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ulitafutwa, wifi. Mama alikwenda mwenyewe Muleba kukuangalia. Akarudi akasema, huyu ana afya."

Naikumbuka siku hiyo. Yule mama mgeni aliyeomba maji ya kunywa na kunitazama miguu. Mimi nilijua kijana ameniona mwenyewe kanisani, akanipenda. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyowasimulia watu miaka yote.

Afya ninayo kweli. Hatukujaliwa mtoto hata mmoja.

"Na yeye?" nikauliza.

"Ana wanne." Halafu akanisomea namba ya simu ambayo sikuiomba. Nikaiandika kwenye bahasha ya bili ya umeme.

Jumamosi, 13 Mei

Nimetoka kumnunulia dawa, nikamkuta amejisogeza mpaka kwenye mashine. Bisibisi kwenye mkono wa kushoto. Ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Nilisimama mlangoni nikihesabu moyoni. Mara saba.

Nikamwambia, nielekeze mimi. Akanisukuma. Nikakaa hapohapo sakafuni, sikwenda popote. Baada ya muda mrefu akanipa bisibisi.

Tumefungua mgongo wa sanduku. Sikuwahi kuona ndani. Mfupa wote wa yule mzee ni magurudumu ya shaba yamepangwa kama sahani, kila moja lina mabonde na vilima vyake, na kila moja linavuta uzi. Hili la macho, lile la kichwa, hili la mkono. Chini ya meza kuna gurudumu limelala, na juu yake yai, ndege na limau vimeketi vikisubiri zamu. Hilo ndilo halizunguki. Yai limekwama chini ya tundu.

Nikachukua kopo la mafuta. Eliudi akalipiga likaruka mpaka kwenye pazia.

Sijawahi kumpazia sauti mume wangu tangu augue. Leo nilimpazia. Nikamwambia, "Basi mwite huyo Honorata wako aje aitengeneze."

Akanitazama. Kisha akaitikia kwa kichwa — ndiyo. Taratibu. Mara mbili.

Sijui amekubali nini.

Jumamosi, 20 Mei

Nimempigia.

Saa tatu asubuhi huku, kwao jioni. Nilisikia saa za ukutani nyuma yake, nyingi, kila moja na mwendo wake. Nikasema naitwa Violet, niko Marekani, ni mke wa Eliudi.

"Amekufa?" akauliza. Upesi hivyo.

"Hapana. Amepata kiharusi. Amebakiwa na neno moja tu."

"Neno gani?"

"Jina lako."

Zile saa ziliendelea. Kisha akasema, "Dada, mimi nina mume. Nina wajukuu wawili. Eliudi sijamtia machoni tangu themanini na tano. Unataka nikufanyie nini?"

"Sikupigii kwa ugomvi," nikasema. Na kweli sikuwa na ugomvi. Lakini sikujua nampigia kwa nini. Ikabidi nimwambie habari za mashine. Vikombe, magurudumu, yai. Jinsi alivyolipiga kopo.

Akacheka kidogo. Si kwa dharau. "Yuko sahihi. Mafuta ya zamani yamekauka, yamekuwa gundi. Ukiongeza mapya unapika uji. Osha kwanza. Una mafuta ya taa?"

Akanielekeza hatua kwa hatua, nami naandika. Brashi laini. Madirisha wazi. Nisilazimishe gurudumu, nilibembeleze huku na huku. Likikauka, tone moja la mafuta mapya kwenye ncha ya sindano, tone moja tu. Ana sauti ya mwalimu mwenye subira. Ningependa iwe sauti mbaya.

Mwisho akauliza, "Anakula?"

"Anakula."

"Anapenda ndizi zilizoungua kidogo chini."

Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Miaka kumi na tisa nachunga ndizi zisiungue.

Jumapili, 28 Mei

Siku zangu mbili za ofu kazini nimeosha magurudumu. Vidole vinanuka mafuta ya taa, Akinyi anasema nanuka kama jikoni kwa nyanya yake, yaani bibi yake, huko Siaya. Eliudi alishika taa kwa mkono wa kushoto. Nikikosea anagonga meza. Nikipatia ananyamaza.

Leo baada ya chakula cha mchana tumetumbukiza peni. Mzee akapepesa macho. Yai. Akafunika. Ndege. Akafunika. Limau. Kisha meza tupu, na kichwa kikainama kama anayewashukuru watu.

Akinyi alipiga makofi. Eliudi akanishika kifundo cha mkono, akakibana, midomo ikatafuta, ikatafuta. Nilisubiri. Nilimwombea kabisa kimoyomoyo.

"Honorata," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni yeye aliyenielekeza. Nikamweleza yote, simu, mafuta ya taa, wajukuu wawili. Alisikiliza bila kupepesa. Sijui kama alikuwa ananiita mimi, au anamshukuru yule, au alikuwa ananiambia tangu Aprili nimpigie nani. Nimewaza mambo hayo matatu jioni yote. Kila moja linauma mahali pake.

Nilimpikia ndizi. Niliziacha ziungue. Akakomba sufuria.

Alhamisi, 1 Juni

Honorata amepiga. Amezungumza na mumewe, mume amekubali. Anaomba Jumapili saa nne asubuhi ya huku asikie sauti ya Eliudi mara moja, naye amwambie kwamba alishamsamehe siku nyingi. "Usipotaka, dada, useme. Sitakasirika."

Nilitaka kusema sitaki. Nikasema, "Saa nne ni sawa."

Jumamosi, 3 Juni

Wayne amekuja na vijana wawili wa kuchukua mzigo. Alitumbukiza peni, akatazama mpaka mwisho, akavua miwani akafuta macho. Akaniuliza kama niko tayari kumtazama yule bibi wa karata. Nimesema nitafikiri. Walipombeba Mzee wa Vikombe mlangoni, Eliudi aliinua mkono wa kushoto kumuaga. Pale sebuleni pamebaki alama nne kwenye zulia.

Hatujaambiana lolote kuhusu kesho. Nilimwambia tu, Honorata atapiga simu saa nne. Alifumba macho.

Jumapili, 4 Juni

Hatukwenda Misa. Nimemnyoa ndevu. Nimempaka mafuta. Nimemvalisha shati jeupe la harusi ya mpwa wake, vifungo nimefunga mimi, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Nilipomaliza nikamtazama. Bado mzuri wa sura. Nilikuwa nimesahau.

Nimeiweka simu mezani karibu na kiti chake. Mpango wangu ni kupokea, kumsalimu mwenzangu, kumwekea Eliudi sikioni, kisha kwenda kukaa kwa Akinyi mpaka wamalize. Viatu nimeshavaa. Naandika hapa nikisubiri, daftari gotini.

Saa nne kasoro dakika moja.

Inaita.

Nimetaka kuinuka. Eliudi amenishika gauni, hapa kiunoni, kwa ule mkono mzima. Hatazami simu, ananitazama mimi. Inaita mara ya tatu. Namwambia, niachie, baba, nipokee. Hasemi kitu. Hata lile neno halisemi. Mara ya tano — hajaniachia.