Jiko la Kimo cha Marehemu

14 Agosti

Mpendwa Bi Kiwembe,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi pokea salamu tu, nakusoma kila wiki ingawa huwa naanza na matokeo ya mpira. Naomba unisaidie kwa sababu nimeingia kwenye biashara ya kupangisha nyumba na imenishinda kabla haijaanza, na dalali wangu anasema hajawahi kuona mwekezaji wa aina yangu, wala hasemi hivyo kwa kunisifu.

Mimi ni seremala, nimetengeneza madawati ya shule kwenye karakana moja mpaka nikastaafu. Wazo la nyumba lilikuwa la mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza kipindi cha uwekezaji redioni huku anakunja nguo na mimi nasinzia, na ndiye aliyeamua kwamba kiinua mgongo changu kisiguswe na mtu yeyote nikiwemo mimi, kinunue nyumba ndogo ya kupangisha, kodi yake itulishe uzeeni tusije tukawa wale wazee wanaowapigia watoto simu kila mwisho wa mwezi na kuanza kwa kuulizia hali ya hewa. Sisi wenyewe tulikuwa wapangaji wa vyumba viwili ambavyo naishi mpaka leo. Nyumba tukaipata, mtaa una maji na barabara inapitika hata mvua ikinyesha. Yeye aliiona mara moja tu. Alisimama jikoni, akaweka viwiko juu ya meza ya kupikia, ikamfika karibu kifuani, akasema, "Hapa alikuwa anapika twiga." Alikuwa mfupi sana, Bi Kiwembe. Nikamwambia nitairekebisha. Akaugua, akafariki kabla sijashika msumeno.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika nilikwenda kwenye ile nyumba nikalivunja jiko lote na kulijenga upya kwa kimo chake. Sikuhitaji futi, kichwa chake kilikuwa kinafika kwenye kifungo cha pili cha shati langu, hiyo ilinitosha. Meza, sinki, rafu, makabati, hata ndoano ya kutundika mwiko, vyote nikavishusha. Mlango wa jiko nikaupanua kwa sababu alikuwa na mtindo wa kupita na beseni la nguo kiunoni na kujigonga vidole kisha ananilaumu mimi. Ilikuwa kazi safi, huoni kiungo. Nilipomaliza ndipo nikamwambia dalali alete wapangaji.

Hakuna aliyeenea. Alikuja mwalimu mmoja akajigonga paji la uso kwenye kabati, akauliza kwa upole kama nyumba ilikuwa chekechea, nikamwambia yeye ni mrefu mno. Wakaja wanandoa wapya, mke akapiga magoti ili aoshe kikombe na mume akacheka mpaka akaegemea ukuta, nikawakatalia kwa ajili ya kile kicheko. Akaja dereva wa lori, yeye alisema jiko halimhusu maana hapiki, nikamwambia nyumba hii inahitaji mtu anayepika. Wengine niliwahoji wanaamka saa ngapi, wakigombana wanapaza sauti au wananuniana, na wakifua wanakung'uta nguo kabla ya kuanika au la, maana marehemu alikuwa anazikung'uta mpaka jirani anashtuka. Siku moja dalali alinivuta pembeni akaniuliza, "Mzee wangu, unapangisha nyumba au unaozesha binti?"

Mimi sikukasirika. Niliendelea kwenda pale kila asubuhi na ufagio, nafungua madirisha, nafagia, nakunywa chai ya chupa nimekaa karibu na ile meza fupi, kisha nafunga narudi kwenye vyumba vyangu, ambako mwenye nyumba wangu amenipandishia kodi nami nimelipa bila neno.

Sasa lililonifanya niandike ni hili. Dalali alileta watu bila kuniambia, msusi mmoja na mama yake. Mama alipata kiharusi, anatembelea kiti cha magurudumu, nao wanaishi ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti, kwa hiyo akitaka kushuka ni mpaka vijana wa jirani wambebe, na kwa kuwa anaona haya kuwaomba, huwa hashuki mpaka siku ya hospitali. Kwenye kizingiti cha mbele walimnyanyua, lakini mlango wa jiko alipita mwenyewe bila kugusa kuta. Akaenda moja kwa moja mpaka mezani. Akafungua bomba. Akanyoosha mkono kwenye rafu akachukua kikombe changu cha chai, akakiosha, akakirudisha. Akamwita msusi, akamwambia, "Mwanangu, njoo uone, huku kila kitu kinanifikia." Msusi aligeukia dirishani akawa anafuta uso kwa mkono.

Mimi nikasema nyumba imeshapata mtu.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Wakaniomba radhi kwa usumbufu. Yule mama, wakati wanamgeuza kutoka, akaniambia, "Basi huyo aliyeipata ana bahati, baba." Walipokwenda dalali akaniuliza huyo mtu ni nani. Nikashika ufagio nikaanza kufagia. Akasema hatii mguu wake tena kwenye nyumba yangu, labda nimwite kuwaleta wale wawili.

Msusi anatakiwa kusaini mkataba mwingine kule ghorofani mwisho wa mwezi ujao, na akishasaini ni mwaka mzima. Dalali ananiambia kwa simu kwamba msusi bado anamuuliza kama yule aliyeipata nyumba amebadili mawazo. Binti yangu anapiga simu kuniambia niuze tu nipumzike. Mimi mgeni wa biashara hii nifanyeje? Niwaite, niuze, au nilirudishe jiko lilivyokuwa nipate wapangaji wa kawaida? Maana yule mama alipokaa pale nilihisi nimempa mtu nafasi ya mke wangu huku natazama. Nijibu, na usinicheke sana.

Seremala Mstaafu


Seremala,

Umri wangu hauwahusu wasomaji, kwa hiyo shikamoo yako nimeifungia kabatini. Pole kwa msiba. Pole hiyo ni ya kweli, na uishike vizuri, sina nyingine mpaka mwisho wa jibu hili.

Nimewahi kuandikiwa na mtu aliyenunua kiwanja akakuta ni bwawa, na pia mwingine aliyenunua nyumba moja pamoja na wenzake ambao kila mmoja alidhani ameinunua peke yake. Wewe umewashinda. Wao walitapeliwa na watu, wewe umejitapeli mwenyewe, tena kwa kazi safi isiyoonekana kiungo. Ulinunua nyumba ya kupangisha ukampangishia marehemu, bila kodi, na kila asubuhi unakwenda kumfagilia. Ukimaliza unarudi kumlipa kodi mtu mwingine, iliyopanda, bila neno. Baba, mwekezaji katika hadithi hii ni mwenye nyumba wako. Ungemwandikia yeye.

Mwalimu ulimkataa kwa urefu, wanandoa kwa kucheka, kana kwamba nyumba yenye watu wanaocheka inashuka thamani. Dereva ulimkataa kwa sababu hapiki. Kuna wenye nyumba wanaolala wakiota mpangaji asiyepika, wewe umempata ukamfukuza. Hao wote nakusamehe, watu wazima wenye miguu watapata kwingine. Yule mama sikusamehe. Wengine uliwakataa kwa sababu hawakuenea, yeye umemkataa kwa sababu ameenea. Mwanamke anayeshushwa ngazi kama gunia ulimtazama usoni ukamwambia uongo, naye akamsifia bahati mtu ambaye hayupo. Kama hukuona aibu hapo usingeniandikia, kwa hiyo nadhani uliona. Vizuri. Ikae nawe kidogo.

Unasema nafasi ya mke wako. Mke wako hakuosha hata kijiko kwenye jiko lile. Alisimama mle mara moja, akalalamika, akaondoka. Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kwa nyumba ile, nalo ni kwamba ikulishe. Aliliamua akikunja nguo wakati wewe umesinzia, na kwa ninavyosoma hujaamka bado.

Basi amka. Jiko usiliguse. Nyumba usiiuze, na binti yako mwambie utapumzika vizuri zaidi ukiwa na kodi mfukoni. Kesho acha ufagio, mpigie dalali, mtake radhi, na ujira wake mpe kamili bila kuvuta mdomo, maana amevumilia ya madalali watano. Halafu nenda mwenyewe kwa msusi. Zipande zile ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na ukifika juu unahema, usibishe hodi haraka, simama hapo ufikirie kubebwa. Waambie ulisema uongo. Habari za kimo na kifungo cha shati wasimulie siku nyingine wakikuuliza, hawakuja kuhani, walikuja kutafuta nyumba.

Kodi uliza majirani wa mtaa ule wanalipa kiasi gani, utoze hicho hicho. Usipunguze kwa sababu ya aibu, aibu hainunui unga. Huruma ikikuzidi nguvu watengenezee mteremko pale kwenye kizingiti, mbao unazo. Andikeni mkataba mbele ya shahidi, uonyeshe nani anatengeneza nini kikiharibika. Kila mwezi tenga kidogo kwa ajili ya bomba litakalopasuka, maana litapasuka, na litachagua sikukuu. Siku wanahamia wakabidhi funguo zote. Zote, Seremala, hata ule unaopanga kuubakiza. Tangu hapo ukitaka kuingia utabisha hodi kama muuza mayai, na ukiambiwa subiri utasubiri. Mwenye nyumba anayetokea kila asubuhi na chupa ya chai huwakimbiza wapangaji kuliko panya.

Asubuhi ya kwanza utakosa pa kwenda, na utalia. Lilia kwenye vile vyumba vyako viwili, ndimo alimoishi, ndimo alimokusema na kukupikia. Ukishalia, nenda benki ukafungue akaunti ya hiyo kodi kabla hujaanza kuikopesha watu.

Msusi asisaini kule ghorofani kwa sababu wewe bado unatafakari. Wahi.

Na yule mama akishahamia, akiwasha jiko kwa mara ya kwanza, mpe salamu zangu, umwambie anikumbuke hata kwa sahani moja.

Bi Kiwembe