Mwanangu Hachezi Peke Yake

Chumba cha ghorofani,
Nyuma ya kiwanda cha nguo.
Jumapili, 14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo, ila usingizi ndio tunausikia kwa jirani. Mpwa wako kaota meno, ananing'ata nikimnyonyesha. Sasa amelala mapajani, kwa hiyo usishangae mwandiko ukienda upande.

Barua yako imeniumiza. Eti unataka kuacha masomo kwa sababu nadharia za fasihi hazimsaidii mtu yeyote. Ngoja nikueleze yaliyotupata kazini.

Mwezi uliopita meneja alitangaza kukifunga kile chumba tunamoacha watoto tukiwa kazini. Alitaka kiwe stoo ya vitambaa. Kwa mwenye mtoto wa kunyonya, hapo ni sawa na kufukuzwa. Sisi tunaoshona vifungo tukamtuma Kasuku, mwenzetu mwenye maneno matamu, akatusemee. Tulikosea. Alisimulia shida zake vizuri mno hadi meneja akafuta machozi, akamruhusu yeye peke yake aje na mwanawe. Sisi wengine tukabaki tunatazamana.

Wenzangu wakamnunia, wakasema ametuuza. Mimi nikaikumbuka ile sura ya utafiti wako uliyonitumia. Mengi yalinipita, usinicheke. Lakini uliandika kwamba msomaji akishamhurumia mhusika mmoja hujiona amemaliza kazi, na wengine wote wanafutika kwenye hadithi. Hilo liliniingia. Nikawasomea wakati wa chakula. Mpiga pasi akauliza huyo mdogo wangu amefanya kazi hapa lini. Tukacheka, kisha tukakubaliana kwenda kwa meneja pamoja.

Kesho yake tukaingia ofisini sote, Kasuku akiwemo, watoto mgongoni, kila mmoja akasema yake bila kupamba. Meneja akamgeukia Kasuku, akamuuliza yeye si ameshasaidiwa, anataka nini tena. Kasuku hakupandisha sauti.

"Ruhusa yako nimeirudisha, bosi. Mwanangu hachezi peke yake."

Chumba tumerudishiwa, lakini kwa majaribio, mpaka mwisho wa Julai. Baada ya hapo tutaitwa tena kujieleza.

Shemeji yako anakusalimu, anasema shati lako la bluu sasa ni lake. Mama naye anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Nami nauliza.

Mdogo wangu, najua umechoka. Hata mimi nimechoka. Lakini wenzangu wamenituma nikuulize sura inayofuata inasemaje, ili Julai isitukute mikono mitupu. Sasa niambie wewe mwenyewe, nikawajibu kwamba umeacha?

Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe moyo wa kukaa kitako ukamalize.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea,
Mama Meno