Shamba la Bibi Kwenye Kasha la Maua

Kaka Daudi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, mpe mama shikamoo yangu, maana nakujua, unasoma mbio ukitafuta habari. Magoti yake yanaendeleaje na baridi hii? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Wenzangu hapa Ujerumani wananionea huruma nikivaa koti, hawajui baridi ya kwetu Mgwashi mwezi wa saba.

Kazi ni ileile ya kwenye maktaba ya nyaraka za zamani. Natoa makasha ghalani, napiga picha karatasi kwa mashine, narudisha makasha. Wiki iliyopita nilimaliza mapema, nikakaa kwenye kompyuta ya wasomaji na kuandika neno moja tu: Usambara. Nilikuwa nimekumbuka nyumbani, basi. Kaka, vilikuja vitu visivyojuana hata kwa salamu. Orodha ya vyakula vya meli. Barua ya bwana mmoja anayelalamika kwamba kinyonga wake amefika amekufa. Tangazo la vyungu vya maua. Hotuba ya mazishi ya mama ambaye hakuwahi kutoka mji huu, ila alipenda yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwetu kwenye miamba yenye maji. Huku wanayapanda madirishani na kuyaita kwa jina la milima yetu. Kompyuta haijui Usambara ni nini, ikiliona neno inaleta.

Nilicheka peke yangu mpaka nikafika kwenye picha iliyoandikwa kuwa ni ya maua hayo, yakiwa porini. Nikaenda kutoa kasha lake. Maua yapo kweli, kwenye jiwe. Lakini jiwe lenyewe nalijua, na wewe unalijua, ni lile lenye tundu ambalo mfereji wetu unapita chini yake. Nyuma ya maua kuna shamba la bondeni, na katikati ya shamba kasimama mwanamke na jembe, amebeba mtoto mgongoni. Nikaigeuza. Mchungaji Mjerumani aliyeipiga aliandika kwa penseli, kwa Kiswahili: "Elizabeti, mke wa Eliya, na mwanawe wa kwanza, katika shamba alilopewa na mumewe. Mgwashi."

Ni bibi, Daudi. Na huyo mgongoni ni baba.

Mkuu wangu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani miwili, alinikuta nimeishika. Akaniuliza kama nina shida na hiyo picha ya maua.

"Si picha ya maua," nikamwambia. "Ni picha ya shamba."

"Shamba la nani?"

"La bibi yangu. Lilichukuliwa."

Akavuta kiti, akanifundisha namna ya kusahihisha maelezo ya picha. Niliandika mwenyewe jina la bibi, la babu, la Mgwashi, na neno shamba. Maua nimeyaacha mwishoni.

Unajua kwa nini niliandika hivyo. Ulikuwa Tanga masomoni siku ile, mimi nilikuwepo. Baba hata arobaini yake haijaisha, baba mdogo Zakaria akaingia bondeni na kung'oa kabichi za mama, moja moja, mama akiwa amesimama pale. Kisha mbele ya kikao cha ukoo akasema, "Bonde hili ni la nyumba ya mama yangu. Mwenye ushahidi alete." Wazee wote wanajua kwetu shamba la mke hurithiwa na watoto wa nyumba yake. Wanajua pia kwamba mama yake Zakaria aliolewa mke wa pili, baba akiwa tayari anachunga mbuzi, na kwamba ndiyo sababu babu alitengwa na ushirika kanisani. Wakatazama chini. Walikuwa wamekula mbuzi wa Zakaria. Tangu hapo mama analima mawe kule juu, na magoti yale hayakuharibiwa na uzee peke yake.

Mama atasema tumwachie Mungu. Mwambie nilimwachia miaka yote hii, na naona ameniletea picha. Sitaki kusuluhishwa wala kuombwa radhi chumbani, watu wakinywa chai. Nataka kikao kilekile. Nakala nimezituma tatu, zina muhuri wa maktaba. Moja mpe mwenyekiti wa kijiji, moja mchungaji wa huko nyumbani, moja ukae nayo wewe. Usimwonyeshe Zakaria. Itisha kikao, mwache aseme tena maneno yake yote, tena umwombe ayarudie kwa wale wasiosikia vizuri. Akimaliza, mpe mama picha aipitishe kwa mkono wake mwenyewe. Nimeifikiria siku hiyo hadi nimekosa hamu ya kula, na sioni aibu kukuambia.

Nisalimie shangazi wa Vuga, mwambie kitambaa chake bado najifunga. Msalimie mwalimu wa kwaya, na mama mkwe wako, na jirani anayemchotea mama maji, huyo msalimie mara mbili.

Umeniandikia kwamba baba mdogo amelazwa, kifua kimembana, na kwamba anasema angependa kusikia sauti yangu. Ulitaka nilainike. Nimepiga magoti, kaka, nimemwombea kwa moyo wangu wote. Mpelekeeni uji kila asubuhi, na supu, na dawa asikose hata siku moja. Na miwani yake ikiwa imevunjika, mtengenezee. Namtaka apone kabisa, aje kikaoni kwa miguu yake.

Mdogo wako akupendaye,
Naomi